Aje Yeye Kwanza: Kiburi cha Ndugu, kutoka Ufipa hadi Unguja

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto, na maana yake haina fumbo: usijitie katikati ya watu wa tumbo moja, maana kesho watapatana na wewe utabaki na aibu yako. Ni ushauri mzuri. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo methali inalichukulia kama hakika, nalo ni kwamba watapatana. Vipi wasipopatana? Na vipi akitokea mtu ambaye hajalima hata tuta moja, akaja na kapu lake wakati ugomvi bado unaendelea?

Nayauliza haya nikiwa Katandala, hapa Sumbawanga, mahali ambapo ugomvi wa ndugu si habari ya vitabuni. Hudhuria kikao cha ukoo baada ya arobaini ya mzee yeyote. Kitakachogombaniwa mara nyingi ni kidogo: kiwanja kimoja, shamba la mahindi, ng'ombe wanne. Mali yenyewe inaweza kugawanywa kabla chai haijapoa. Kinachokwamisha kikao ni sentensi moja fupi: "Mimi siwezi kumfuata, aje yeye kwanza." Mkubwa anasema aje mdogo kwa sababu ni mdogo. Mdogo anasema aje mkubwa kwa sababu mkubwa ndiye aliyekosea. Mwaka unapita, kisha mitano, kisha wanakutana msibani na kusalimiana kama watu waliopanda basi moja.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kiburi hakianzishi ugomvi wa ndugu. Ugomvi huanzishwa na mambo ya kawaida tu: urithi, wivu, maneno ya wake na waume. Kazi ya kiburi huja baadaye. Kinapandisha bei ya kupatana hadi hakuna anayeweza kuilipa. Na mwenye uwezo wa kuishusha bei hiyo kwa kawaida si yule aliyeshindwa. Ni aliyeshinda.

Tuanze nyumbani.

Milansi, Nkansi na Lyangalile

Simulizi za Wafipa zinaeleza kwamba mji wa kwanza katika uwanda huu ulikuwa Milansi, na mtawala wake wa mwanzo aliitwa Ntatakwa. Kisha wakaja wageni kutoka mbali. Wasimulizi wanasema walikuwa wanawake, na walifika mtawala akiwa mawindoni. Aliporudi alikuta kiti kimeshakaliwa. Hao ndio chimbuko la Watwaci, ukoo wa kifalme ulioitawala Ufipa.

Ukisikia mwanzo huo unatarajia mauaji. Mtu amenyang'anywa nchi, si lazima damu imwagike? Lakini masimulizi hayaendi huko. Watwaci walichukua utawala wa nchi, na Milansi wakabaki na eneo dogo pamoja na heshima kubwa. Mfalme wa Kitwaci hakusimikwa bila Milansi kuwa na sehemu yake katika shughuli hiyo. Mtafiti Roy Willis, aliyekusanya simulizi hizi kwa Wafipa katika miaka ya 1960, alichapisha makala mwaka 1967 akichambua namna Wafipa walivyouelewa uhusiano huo: Milansi ni kichwa, Watwaci ni kiuno. Kiuno kina nguvu, kinabeba na kinazaa. Lakini kiuno hakiwezi kukikana kichwa kwa sababu ni mwili mmoja.

Hebu tuitazame busara hiyo taratibu. Aliyeshindwa hakuachwa mikono mitupu. Hakurudishiwa nchi, maana hilo lisingewezekana, ila alipewa kigoda cha kukalia, tena kigoda ambacho aliyeshinda alikihitaji. Kila mfalme mpya alipotaka kusimikwa, ilibidi amkumbuke mzee wa Milansi. Hivyo Milansi hawakuwa na sababu ya kulala wakiota kisasi.

Jambo la kushangaza ni lililofuata. Wageni na wenyeji, watu wasiokuwa na damu moja, waliweza kuelewana. Waliokuja kushindwa ni Watwaci wenyewe kwa wenyewe. Ukoo huo wa kifalme uligawanyika kwa ugomvi wa ndani, na Ufipa ikawa falme mbili: Nkansi na Lyangalile. Watu wa lugha moja, wakulima wa uwanda mmoja, wakawa raia wa nyumba mbili zilizodai asili ile ile. Jina la Nkansi bado lipo mdomoni mwetu kupitia Wilaya ya Nkasi. Wazungu walipofika mwishoni mwa karne ya 19 walikuta falme hizo zingali mbili.

Sasa, kisa cha Watwaci kina upungufu mmoja kwa msomaji anayetaka kujua kiburi kinavyoonekana kikiwa ndani ya mtu. Waliogombana hawakutuachia barua wala kitabu. Tunajua nyumba iligawanyika. Hatusikii dada akieleza alivyojisikia siku kaka alipoacha kujibu salamu. Kumsikia dada huyo inabidi tushuke kutoka kwenye uwanda, tuifuate njia ya misafara hadi pwani, kisha tuvuke bahari hadi Unguja. Huko, katika karne hiyo hiyo ya 19, kulikuwa na familia nyingine ya kifalme iliyogawanyika, na binti mmoja wa familia hiyo aliandika.

Watoto thelathini na sita

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, anatuambia kwamba baba aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18. Wote walizaliwa na masuria. Baba mmoja, mama tofauti, na mama hao walitoka nchi tofauti: wengine Wahabeshi, wengine Wacherkasi kama mama yake Salme.

Kitabu cha Salme kilichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886, na kinahesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za mwanamke wa Kiarabu kuchapishwa. Wengi hukisoma kwa ajili ya maelezo ya majumba, mavazi na harusi. Mimi nadhani kisomwe pia kama kitabu kuhusu ndugu. Anasimulia kwamba tangu utotoni watoto wa mama Wahabeshi waliwatania wale wa mama Wacherkasi kuwa ni watoto wa paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Ni utani wa watoto, ndiyo. Lakini utani wa namna hiyo ni hesabu inayowekwa akibani: nani ni bora kuliko nani, mama wa nani ni mweupe, mtoto wa nani anapendwa na baba. Siku baba anapoondoka, hesabu inatolewa.

Na ilitolewa mapema mno. Barghash, mmoja wa watoto wa kiume, alikuwa safarini pamoja na baba yake. Kwa maelezo ya Salme, mwili ulishushwa usiku na kuzikwa kimya kimya, na Barghash akajaribu kutwaa madaraka kabla wenzake hawajapata habari. Hakufaulu. Kaka yake Majid ndiye aliyetawala Zanzibar. Thuwaini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwakilisha baba yao Oman, akabaki na Muscat.

Kwa hiyo kulikuwa na ndugu watatu: mmoja Muscat aliyejiona mkubwa, mmoja Unguja mwenye kiti, na mmoja Unguja aliyekitamani kiti hicho.

Fedha ni ile ile, jina ndilo tatizo

Ya Majid na Thuwaini inachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Zanzibar ilikuwa tajiri kwa karafuu na biashara, Muscat haikuwa hivyo. Majid alikubali kumpelekea kaka yake dola 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Fedha zilikuwepo. Swali likawa: fedha hizi zinaitwaje? Thuwaini aliziona kama kodi, yaani ushahidi kwamba Zanzibar ni ya chini na Muscat ni ya juu. Majid hakuwa tayari kuonekana analipa kodi. Malipo yakasimama. Mwaka 1859 Thuwaini akaandaa majeshi kuja kumpiga ndugu yake, na Waingereza wakamzuia njiani.

Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala mkuu wa Uingereza nchini India, naye akatoa hukumu Aprili 1861. Zanzibar itailipa Muscat dola 40,000 kila mwaka pamoja na malimbikizo. Kisha hukumu ikaongeza maelezo: malipo haya yasihesabiwe kuwa ni dalili kwamba Zanzibar iko chini ya Muscat. Ni fidia ya kusawazisha urithi wa pande mbili usiolingana.

Ukitazama, kiasi ni kile kile. Hakuna hata dola moja iliyoongezwa kwenye malipo ya mwaka. Kilichonunuliwa kwa Canning ni maneno, maneno ambayo ndugu wawili wangeweza kuambiana wenyewe: "Kaka, chukua hizi, si kodi, ni haki yako." Sentensi hiyo ilishindikana kati yao, ikabidi aitamke mgeni aliyekaa India. Na mgeni akishakuwa ndiye mwamuzi wa urithi wa baba yenu, hatoki tena sebuleni. Kuanzia hapo Oman na Zanzibar zilikuwa nchi mbili, na Uingereza ilikuwa imejua kwamba kila upande unaweza kuitwa na kusikilizwa kwa sababu upande mwingine haupendwi.

Dada mwenye kalamu

Turudi Unguja, kwa Majid na Barghash. Mwaka huo huo wa 1859 Barghash alipanga njama ya kumpindua Majid. Dada yake Khole alikuwa upande wake, na Salme, aliyekuwa na miaka 15 na aliyempenda sana Khole, akavutwa ndani. Salme alikuwa na kitu adimu kwa binti wa jumba la kifalme wakati ule: alijua kuandika. Alijifundisha kwa siri, akinakili aya za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Basi akawa mwandishi wa barua za njama.

Kumbuka Majid alikuwa nani kwake. Salme alipokuwa mtoto, yeye na mama yake walikaa nyumbani kwa Majid, na Majid aliwatunza vizuri. Huyu ndiye kaka ambaye kalamu ya Salme sasa ilimgeuka.

Njama iligundulika. Nyumba ya Barghash ikazungukwa na askari, chakula na maji vikazuiwa. Dada zake wakaenda kumtoa, wakamvisha nguo za kike, akapita katikati ya askari akiwa miongoni mwa wanawake waliojifunika. Akakimbilia shamba la Marseille, nje ya mji, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Majeshi ya Majid, yakisaidiwa na Waingereza, yakalipiga shamba lile. Barghash alirudi mjini kwa siri, akakamatwa, akapelekwa Bombay kwa takriban miaka miwili.

Sasa tazama alichofanya Majid. Alikuwa ameshinda, na sheria na desturi ya wakati ule ingemruhusu mengi. Hakuwaadhibu dada zake. Barghash mwenyewe aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya muda wake kuisha. Na baadaye Majid alipotaka Salme amwachie nyumba ya Bububu aliyokuwa akiishi, ili ikaliwe na balozi wa Uingereza, alimwomba. Salme akakubali, na kwa njia hiyo kaka na dada wakasogeleana tena.

Unadhani Khole alifurahi? La hasha. Kwa Khole, Salme kupatana na Majid ilikuwa usaliti. Dada aliyekuwa mboni ya jicho la Salme akamgeuzia uso. Hapa kuna jambo ambalo kila ukoo uliogawanyika unalijua: kiburi kikishajenga kambi mbili, kupatana na upande wa pili kunakuwa kosa kubwa kuliko kosa lenyewe la mwanzo. Anayethubutu kuvuka anaadhibiwa na watu wake. Ndiyo maana wengi hawavuki, hata wale ambao moyoni wameshasamehe.

Salme akabaki mpweke. Katika upweke huo akafahamiana na jirani, mfanyabiashara kutoka Hamburg aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily, wakafunga ndoa, wakaenda Ujerumani. Kwa familia yake pigo hilo lilikuwa kubwa. Lilihusu dini, ukoo na heshima ya kiti chenyewe. Hata hivyo Salme anaandika kwamba Majid hakumdhuru Ruete aliyebaki nyuma Unguja kumaliza shughuli zake, na anamtaja kaka huyo kwa shukrani hadi mwisho.

Mwaka 1870 ulimpiga mara mbili. Agosti, Ruete alifariki baada ya ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha Salme na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na ya hesabu asizozizoea. Oktoba, Majid akafariki Unguja. Aliyekalia kiti sasa ni Barghash.

Mlango uliofungwa

Ingekuwa hadithi ya kutunga, hapa ndipo Barghash angekumbuka. Alikuwa ametolewa kwenye nyumba iliyozingirwa akiwa amefunikwa nguo za dada zake. Msichana wa miaka 15 aliandika barua zake kwa mkono ambao ungeweza kukatwa. Deni gani linazidi hilo?

Lakini deni la namna hiyo ndilo ambalo mtu mwenye kiburi hawezi kulibeba. Dada anayekujua wakati ulipokuwa unajificha ndani ya vazi la kike si dada unayependa kumwona ukiwa Sultani. Tena Salme alikuwa amempa sababu mbili zilizokuwa na uzito mbele ya watu: alikuwa amepatana na Majid, na alikuwa ameacha dini. Tuwe waadilifu kwa Barghash. Suala la dini kwake halikuwa kisingizio tu. Raia wake wangemwulizia. Na hakuwa mtawala wa hovyo. Ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za kaskazini, ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mtu aliyewahi kunyimwa maji ndani ya nyumba yake aliwapa maji watu wa mji mzima. Mkono wake ulikuwa mpana, ila haukufika kwa dada yake.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri kutoka Ujerumani akitumaini kumwona. Anasimulia kwamba Waingereza, kupitia Sir Bartle Frere, walimwomba asijaribu kukutana na kaka yake, wakimwahidi kusaidia watoto wake. Alikubali. Barghash akamaliza ziara na kuondoka, kisha msaada ulioahidiwa haukutolewa. Kaka na dada walikuwa katika mji mmoja, na mtu wa tatu aliona faida wasionane.

Miaka kumi baadaye akatokea mtu wa nne. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alikuwa amezunguka bara mkabala na Zanzibar akikusanya mikataba, na Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akaipa ulinzi wake ardhi hiyo. Barghash akapinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Katika msafara huo, kwenye meli nyingine, alikuwamo Salme na watoto wake. Bismarck alikuwa ameona manufaa: akipokelewa vizuri, vizuri, akidhuriwa, Ujerumani itakuwa na sababu.

Hapa ndipo ninapoona kiburi cha Salme mwenyewe, ambacho wasomaji wanaompenda hukipita haraka. Alitaka urithi wake, na alikuwa na haja nao kweli. Alitaka kumwona kaka yake, na sina shaka alilia kwa ajili hiyo. Alikuwa ameandika barua bila kujibiwa. Lakini binti wa Sayyid Said hakutaka kurudi kama mjane anayeomba; alitaka kurudi kama mtu ambaye lazima apokelewe. Kaka haombwi msamaha kwa mizinga. Siku dada alipoonekana nyuma ya manowari, Barghash alipata anachokihitaji kila mwenye kiburi, yaani sababu nzuri ya kufanya lile ambalo tayari alikuwa ameamua kulifanya.

Mlango haukufunguliwa. Salme alitembea katika vichochoro vya mji na watu wa kawaida wakamsalimia, wakamwita bibi, wakamfuata. Aliyemkataa ni mmoja tu. Wakati huo huo Barghash akalazimika kukubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, na Wajerumani walipokwisha kupata walichokifuata, madai ya Salme hayakuwa tena na haraka kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikakubaliana wenyewe kwa wenyewe nani achukue wapi, Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Barghash alifariki Machi 1888. Salme alifika tena Unguja mwaka huo huo, kaka akiwa ameshazikwa. Sultani mpya, Khalifa, alikuwa kaka yake pia. Naye hakumpokea.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Salme aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, akafariki mjini Jena, Ujerumani, Februari 1924. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa Zanzibar.

Kapu la nani?

Sitaki kusema kwamba Zanzibar ilipoteza nchi kwa sababu kaka hakumsalimia dada. Huo ungekuwa uongo. Ujerumani na Uingereza zilikuwa na meli, fedha na njaa ya ardhi, na zingekuja hata kama watoto wote 36 wangekuwa wanakula sahani moja. Ninachosema ni kidogo zaidi na nadhani ni kweli: kila mara wageni walipotaka njia ya kuingilia, waliikuta imeshachimbwa na ndugu wenyewe. Thuwaini na Majid walimfungulia Canning. Majid na Barghash waliwafungulia mabaharia wa Kiingereza pale Marseille. Barghash na Salme walimfungulia Bismarck. Wageni hawa hawakuisubiri methali yetu. Walikuja na makapu wakati ndugu bado wanagombana, na wakavuna.

Kwa msomaji wa Ufipa jambo hili lina alama inayoonekana. Nchi ambayo Wajerumani walianza kuidai mbele ya jumba la Barghash ilipanuka hadi ikafika kwetu, katika uwanda wa Nkansi na Lyangalile ambao nao ulikuwa umegawanywa na ukoo mmoja. Kule chini ziwani, Kasanga, Wajerumani walijenga boma na kulipa jina la Bismarckburg. Ni Bismarck yule yule.

Mara nyingi tunapozungumza kuhusu kiburi cha ndugu, tunamshauri mdogo ajishushe, mnyonge ajishushe, aliyekosea ajishushe. Visa hivi viwili vinanifanya nione kwamba tunampelekea ushauri mtu asiyehusika. Salme alijishusha mara kadhaa kwa barua kabla hajapanda meli, na haikusaidia. Milansi hawakuwa na uwezo wa kuamua lolote, walishapoteza nchi. Aliyeamua ni mwenye kiti. Majid alikuwa na kiti na alikitumia kumrudisha dada karibu, kwa kumwomba kitu badala ya kumwamuru. Watwaci walikuwa na nchi nzima, wakawaachia Milansi sehemu ambayo hakuna mwingine angeweza kuishika. Barghash alikuwa na kiti kile kile cha Majid, tena na sababu nzuri zaidi ya kukumbuka, na hakuacha hata nafasi ya kigoda.

Kwa hiyo katika kikao kijacho cha ukoo, hapa Katandala au popote unaposomea, kabla hamjauliza nani mdogo na nani alianza, ulizeni kwanza: kati yetu nani ameshapata? Nani ana hati, nani ana funguo, nani ndiye anayefuatwa? Huyo ndiye atoke nyumbani kwake akagonge mlango wa mwenzake. Hatapungukiwa na shamba wala ng'ombe kwa kufanya hivyo. Na asiende na wapambe, wala mwenyekiti wa mtaa, wala mwanasheria. Aende peke yake, mchana, na salamu tu.